Mzee kapuliza rangi za magari miaka 24, sasa anasahau. Ni thina (kiyeyushi cha rangi)?

Wakuu, habari za muda huu. Mzee wangu alikuwa fundi rangi za magari, banda limefungwa, pua kaifunga kitambaa tu. Jioni anarudi kama mlevi na pombe hajagusa. Sasa ana miaka 61. Anauliza jambo moja mara tatu, na juzi sufuria imeungua yeye kakaa pembeni, harufu hakuisikia kabisa. Kuna mtu anatuuzia dawa ya "kusafisha sumu ya ubongo". Tununue?

Kipepeo: Nunueni. Bibi yangu aliinywa akaharisha siku mbili, sumu yote ikatoka.

Nesi wa Zamu: Kuharisha ni kuharisha tu, Kipepeo. Thina haikai mwilini miaka. Kinachobaki ni madhara, nayo hayaoshwi. Skandinavia waliyaona kwa wapaka rangi tangu miaka ya 1970. Ila msiihukumu thina mapema: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 na sonona navyo huleta usahaulifu, na vinatibika. Kilichonishtua ni hiyo harufu. Mwandiko umekuwa mdogo? Mkono mmoja hauchezi akitembea? Anarusha mateke usingizini? Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na kukakamaa mwili, huweza kuanza hivyo. Askari wa Camp Lejeune, Marekani, ambako kiyeyushi cha kuondolea grisi kiliingia kwenye maji ya kunywa, walionekana kuugua Parkinson kwa asilimia 70 zaidi ya wenzao wa kambi nyingine. Muoneni daktari wa mishipa ya fahamu.

Fundi Mstaafu: Nendeni na karatasi: kazi gani, mwaka gani hadi gani, alipiga msasa rangi za zamani? Nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Kipimo cha damu huonyesha zaidi risasi ya karibuni; ya mifupani hukaa miongo. Mimi daktari hakuniuliza kazi mpaka nilipojisemea.

Mleta uzi: Nimefungua daftari lake la madeni. Mwandiko wa juzijuzi ni kama sisimizi, wa zamani utadhani wa mtu mwingine. Dawa hatununui. Sasa mdogo wangu ndiye anapuliza banda lile lile, na barakoa ya kitambaa.

Fundi Mstaafu: Hiyo ya vumbi, mvuke unapita. Avae ya mpira yenye vichujio vya mkaa. Akisikia harufu ya thina ndani yake, kichujio kimekufa. Asioshee mikono thina, inapita kwenye ngozi. Na hilo banda lifunguliwe leo.