Naomba ushauri: kaka yangu ana baipola na pombe imemshinda kuacha

Ndugu zangu, kaka yangu, mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kirumba hapa Mwanza, anatumia dawa ya lithiamu kwa ajili ya baipola, ugonjwa wa akili unaomtoa kwenye msisimko mkubwa na kumtupa kwenye huzuni nzito. Msisimko unapompanda hunywa usiku kucha bila kulala, na huzuni inapomshukia hunywa tena ili asahau, ingawa pombe huizidisha huzuni hiyo na kukosa usingizi huweza kuuamsha msisimko upya. Dawa yenyewe ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa kuwa kutapika na kupungukiwa maji huweza kuipandisha mwilini hadi kiwango cha sumu. Wenzake humwita mlevi tu, jambo linaloniumiza sana. Mliowahi kuuguza mgonjwa wa namna hii, mlimshawishije akubali kutibiwa yote mawili kwa pamoja, pale hospitali ya Bugando au kwingineko, bila kumlazimisha?