Naomba ushauri: flaiwili ikerezwe kwa mashine au isuguliwe tu kwa msasa kabla ya kufunga klachi mpya?

Habari zenu wakuu. Nina pikapu ya dizeli, gia za mkono, inabeba mizigo karibu kila siku. Klachi ilianza kuteleza mlimani: ukikanyaga mafuta injini inanguruma, gari halisogei inavyotakiwa, kisha harufu ya kuungua. Nilirekebisha mchezo wa pedali, nikatoa hewa kwenye mafuta ya klachi, wapi.

Sasa giaboksi iko chini. Klachi pleti imelika mpaka ribiti (pini zake za chuma) zinagusa chuma. Hiyo, presha pleti na beringi nimeshanunua mpya, hapo sina swali. Kinachoniumiza kichwa ni flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo klachi pleti hubanwa juu yake. Ina madoa ya bluu ya joto, na ukipitisha ukucha unakwama kwenye mifereji iliyochimbwa na ribiti. Fundi anasema tusugue kwa msasa tufunge. Roho yangu inasita, maana kushusha giaboksi ya gari hili si kazi ya kurudia, na uso usio sawa huwa unaleta mtetemo wakati wa kuondoka.

Halafu sili ya nyuma ya krenki (inayozuia oili ya injini isitoke upande wa klachi) ina unyevunyevu wa oili, ingawa haidondoshi. Fundi anasema kisichovuja kisichokozwe.

Kwa waliowahi kuifanya kazi hii: kwa hali hiyo msasa unatosha kweli, au niipeleke ikakerezwe? Na hiyo sili niibadilishe sasa wakati pako wazi, au nimsikilize fundi?