Naomba ushauri: kuondoa ukoko wa chokaa kwenye kibadilisha joto

Ndugu wanachama, naomba ushauri wa waliowahi kusafisha kwa kemikali vibadilisha joto vya mabamba (mashine ambamo maji hupoza maziwa kupitia mabamba membamba ya chuma). Katika kiwanda cha maziwa ninakofanya kazi, maji ya kisima yameacha ukoko mzito wa chokaa upande wa kupoozea, na sasa maziwa yanaingia kwenye tangi yakiwa bado na joto. Msimamizi wangu anapendekeza asidi ya haidrokloriki kwa kuwa ni rahisi kupatikana, nami napinga kabisa, kwa sababu kloraidi iliyo ndani yake hutoboa chuma kisichoshika kutu, ambacho ndicho cha mabamba hayo. Ninafikiria asidi ya sulfamiki, izungushwe kwa pampu ikiwa vuguvugu hadi pH (kipimo cha ukali wa asidi; hupanda asidi inapopungua) iache kupanda, ishara kwamba hakuna tena chokaa ya kuyeyusha. Je, asilimia ngapi, na kwa muda gani, haitadhuru gasketi (vizibo vya kuzuia uvujaji kati ya mabamba) za mpira wa nitraili?