Neno "mortgage" kwenye karatasi za benki: baba asaini au asisaini?

Kijana_wa_Kilosa:
Wakuu, habari za jioni. Kaka yangu anataka mkopo wa kupanua duka lake la vipuri. Benki imeleta mkataba wa kurasa kumi na moja, Kiingereza kitupu. Nyumba ni ya baba. Humo baba anaitwa "mortgagor", benki "mortgagee", na mama ana ukurasa wake wa kusaini. Mimi ndiye wa kuwasomea. Nikawaambia "mortgage" ni mkopo wa nyumba, baba akanitazama: "Nyumba si ninayo? Mimi nimekopa lini?" Nikakosa jibu. Naombeni msaada, neno hili lina maana gani hasa?

BiRehema:
Mdogo wangu, baba yako yuko sahihi. Mjini tumezoea kusema "mogeji" kwa mkopo wa kununulia nyumba, ndipo ulipopotelea. Kisheria neno hilo ni rehani. Anayekopa ni kaka yako; baba anaiweka nyumba rehani kwa deni la mwanawe. Deni lisipolipwa, benki inaweza kuiuza. Mwambie hivyohivyo, usimlainishie.

Na hayo majina mawili wengi huyageuza. Anayeweka rehani ni mwenye nyumba, basi yeye ndiye mortgagor. Mortgagee ni anayeipokea, yaani benki.

Mzee_Kamusi:
Hiyo "t" haitamkwi. Neno ni la Kifaransa cha kale: mort, iliyokufa, na gage, dhamana. Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, na Kifaransa chao kikaja kukaa mahakamani kwa karne nyingi. Jaji Thomas Littleton, karne ya 15, alieleza kifo chenyewe: mdaiwa asipolipa siku iliyowekwa, ardhi imekufa kwake, akilipa, rehani imekufa kwa mdai. Siku hizo ardhi ilihamia kwa mdai mpaka deni lilipwe. Kwetu Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema rehani ni dhamana tu, haihamishi umiliki. Rehani yetu nayo tumeitoa kwenye Kiarabu, rahn, na mali iliyowekwa rehani hukombolewa. Kitenzi hicho mzee atakielewa mara moja.

Kijana_wa_Kilosa:
Shikamoo mzee. Na ukurasa wa mama?

BiRehema:
Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, sheria hiyohiyo. Mama hasaini kama shahidi, anaridhia. Ana haki ya kukataa. Tafuteni wakili awasomee kurasa zote, na muulize rehani inabeba deni la kiasi gani: la mkopo huu peke yake, au na mikopo atakayochukua kaka baadaye?

Kijana_wa_Kilosa:
Asanteni sana. Nimewasomea upya usiku huu, nimetumia "rehani" na "kukomboa". Baba ameelewa, kalamu ameirudisha mfukoni. Mama kauliza kaka atarejesha shilingi ngapi kwa mwezi, hakuna aliyejua. Nimempigia kaka, Jumapili anakuja na daftari la mauzo.