MREJESHO: Yule dada wa marathoni tatu mwaka mmoja

Habari zenu wakuu, ni mimi yule niliyeuliza kama naweza kukimbia fulu (marathoni nzima, kilomita 42) tatu mwaka mmoja, Kili (Kilimanjaro Marathon ya Moshi), Dodoma na Mwanza, wakati nimetoka kuachana na baba watoto, kazi imeota mbawa na nimehamia Goba na wanangu. Asanteni sana, hata mlionicheka.

Kilichonisaidia zaidi ni kukimbia taratibu kiasi cha kuweza kupiga stori, tena natoka saa kumi na moja alfajiri, maana ikifika saa moja na nusu jua la Dar halina salamu, fulana unaikamua kabisa. Na vile vilima vya Goba, jamani, aliyesema nivitumie kwa mazoezi badala ya kung'ang'ania tambarare ya Coco Beach Mungu ambariki, Moshi ile barabara ya kupanda Mweka si mchezo, watu wanatembea mi najikongoja lakini nakimbia. Ila Kili nilishuka nikakimbia hafu, kilomita 21.1, fulu ilikuwa bado.

Dodoma nimemaliza 42 zote, za mwisho nabembeleza miguu. Mwanza imekufa, goti la kushoto limegoma na fizio (mtaalamu wa viungo) kanipumzisha.

Ule ushauri wenu wa kukimbia tumbo tupu haukunifaa, nilishikwa kizunguzungu juu ya Daraja la Tanzanite, siku hizi ndizi na chai ya rangi kwanza ndo natoka.

Mdau uliyeahidi kunisindikiza Mwanza, mwakani usinikimbie.