Sudoku kwenye kompyuta: nikizima rangi nyekundu nakwama. Kuna njia bila kubahatisha?

Kisanduku81:
Habari zenu wadau. Nina karibu mwaka mzima nacheza Sudoku kwenye kompyuta, fumbo moja au mawili kila usiku kabla ya kulala. Kwa asiyeijua: ni visanduku 9 kwa 9, unajaza namba 1 hadi 9 bila namba kujirudia kwenye mstari wa kulala, safu ya kusimama au boksi la 3 kwa 3. Kiwango kigumu nilikuwa namaliza kwa dakika 20 hivi, nikaamini nimeuweza mchezo. Wiki iliyopita nilisasisha programu, mipangilio ikajirudisha ilivyokuwa mwanzo, na ile rangi nyekundu inayokuonya ukiweka namba isiyo yenyewe ikazimika. Sikugundua. Nilicheza hadi vikabaki visanduku 4 tu, ndipo nikaona mstari wa 9 una 5 mbili.

Kumbe siku zote hizo nikifika pagumu naweka 4, ikigeuka nyekundu nafuta, naweka 6, nafuta, naweka 9. Iliyokuwa ikifumbua ni programu. Imeniuma, maana napenda sana ile raha ya namba moja kukaa mahali pake na nyingine tatu zikafuata.

Sasa naomba msaada. Je, fumbo gumu lina njia ya kufikiri kila mara, au kuna mahali lazima ubahatishe? Na zile namba ndogo za penseli zinazojazwa na programu yenyewe, kuonyesha namba zinazoweza kukaa kwenye kila kisanduku, nizizime pia? Fumbo nililonalo nimekwama tangu jana. Mstari wa 5 una visanduku 5 vitupu. Viwili, cha safu ya 2 na cha safu ya 7, vinapokea 3 na 8 tu. Sijui ipi iende wapi.

PenseliNaRaba:
Mkuu, huhitaji kujua ipi iende wapi! Visanduku viwili, namba mbili: 3 na 8 za mstari huo zimeshapata wenyewe. Basi zifute kwenye vile visanduku vitatu vilivyobaki, halafu viangalie upya. Wengi hukwama hapo kwa sababu wanatafuta namba ya kuweka, wakati kazi iliyopo ni kutafuta namba ya kuondoa.

Kuhusu nyekundu, ziko za aina mbili. Moja inawaka namba ikijirudia kwenye mstari, safu au boksi, jambo ambalo ungeliona mwenyewe kwa macho; hiyo haina ubaya. Nyingine inalinganisha ulichoweka na jibu lililofichwa. Hiyo izime leo, na usiiwashe tena.

Namba za penseli ziandike mwenyewe. Najua inachosha, lakini unapojiuliza "2 inaweza kukaa hapa?" ndipo jicho linapozoea.

Tisa_kwa_Tisa:
Hapo kwenye penseli sikubaliani na mwenzangu. Kujaza namba ndogo visanduku 50 ni kazi ya karani. Iachie kompyuta, wewe tumia akili kuzipunguza. Na tusiilaumu kompyuta kupita kiasi: Wayne Gould, raia wa New Zealand aliyestaafu ujaji huko Hong Kong, alitumia miaka kama 6 kuandika programu ya kutunga mafumbo haya, na gazeti la The Times la London lilipoanza kuyachapa Novemba 2004 ndipo Sudoku ikasambaa duniani.

Swali lako la kubahatisha: fumbo halali lina jibu moja tu, kwa hiyo njia ipo. Ila mengine yanadai mnyororo mrefu wa "kama hapa ni 2 basi kule ni 6", na hayo mimi huyaacha. Kubahatisha ni mtindo wa mashine: inaweka 1, ikigonga ukuta inarudi nyuma inaweka 2, na haichoki. Na usiogope fumbo lenye namba chache za kuanzia. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake walithibitisha kwa kompyuta kwamba chini ya 17 hakuna fumbo lenye jibu moja, lakini yapo ya 17 yaliyo rahisi kuliko ya 25.

Ukikwama tena jaribu mbinu ya X. Chukua namba moja, tuseme 7. Ikiwa mistari miwili ina nafasi mbili tu za 7, na nafasi hizo ziko kwenye safu zilezile mbili, basi futa 7 kwingine kote kwenye safu hizo.

Kisanduku81:
Nimerudi. Nilifuta 3 na 8 kwenye vile vitatu, cha katikati kabisa kikabaki na 1 peke yake. Kutoka hapo nikajaza 11 bila kusimama, kisha nikakwama tena. Nikabofya 7 ili zote ziwake, nikaanza kukagua mstari mmoja mmoja. Mstari wa 2: safu ya 3 na ya 8 tu. Mstari wa 6: safu ya 3 na ya 8 tu! Nikafuta 7 kwenye kisanduku cha mwisho cha safu ya 3, kikabaki na 5.

Saa 1 na dakika 10, nyekundu imezimwa. Penseli za programu nimeziacha kwa sasa. Kesho nitajaribu fumbo la kiwango cha kati bila hizo, nione jicho langu linafika wapi.