Mikaratusi Mwakirunge: nipande aina gani, na kisima je?

Mkaazi_Changamwe
Assalam aleikum wanajamvi. Nina ekari mbili Mwakirunge, shamba la marehemu baba. Minazi imezeeka, mingi haizai tena. Nataka kupanda mikaratusi niuze boriti kwa wajenzi hapa Mombasa, na mingine niiache inenepe nipasue mbao. Juu udongo ni mwekundu, bondeni ni mweusi na maji hutuama wakati wa masika. Huko bondeni ndiko kuna kisima kinachotegemewa na nyumba kadhaa. Muuza miche ananihimiza nichukue ile ya bara, jirani asema nitawakaushia maji. Nishaurini kabla mvua haijaanza.

FundiMsumeno
Waleikum salaam kaka. Hiyo ya bara mara nyingi ni aina ya mkaratusi iitwayo grandis. Yataka mvua ya kutosha na udongo wenye kina na unyevu, ndiyo maana huko juu inatoa nguzo za stima nzuri. Kiangazi chetu cha Januari hadi Machi kitaitesa. Tafuta aina nyingine, camaldulensis. Kwao Australia huota kandokando ya mito inayofurika kisha ikakauka, kwa hivyo yastahimili maji na ukame vilevile, hata chumvi kiasi.

Boriti ndiyo biashara yako. Panda mita 2 kwa 2, ekari moja itabeba kama miche 1,000. Ukikata vizuri, kisiki huchipua tena. Bakiza machipukizi mawili yaliyonyooka, mengine uyaondoe.

Mbao ni shughuli nyingine. Ni nyekundu, ngumu na nzito, ikikauka mita moja ya ujazo hufika kilo 900 hivi. Kwao waliifanyia mataruma ya reli. Lakini gogo lina mkazo ndani. Ukiliangusha tu, ncha zaanza kupasuka mbele ya macho yako. Zipake rangi siku hiyohiyo, pasua gogo lingali bichi, kisha panga mbao kivulini, vijiti katikati na mawe mazito juu. Ukizianika juani zitajikunja zote, na hakuna randa itakayozinyoosha. Sehemu ya mbao ipande mita 3 kwa 3.

BiKisauni
Mwanangu, jirani yako asema kweli. Mti unaokua mbio hivyo hunywa sana. Mwongozo wa Shirika la Misitu wa mwaka 2009 wakataza kuupanda kwenye chepechepe na kingo za mito. Bonde liache kabisa, weka migomba. Kisima cha watu si mahali pa kufanyia majaribio.

Reli1902
Ndiyo maana mikaratusi ilipoletwa Kenya mwaka 1902, kazi yake ilikuwa kuni za gari la moshi. Inakua haraka na inawaka vizuri. Makaa yake nayo yana soko.

Mvinje_Bamburi
Mbona hamtaji mvinje? Machimbo ya Bamburi yalikuwa mawe matupu. Walipoanza kupanda miti mwaka 1971, mvinje ndio uliostawi. Unanyooka, unavumilia upepo wa bahari, na mizizi yake inaongeza naitrojeni ardhini. Boriti zake kila fundi wa Pwani anazijua. Mimi ningegawa shamba nusu kwa nusu.

Mkaazi_Changamwe
Shukran sana. Bi Kisauni, bonde nimeliacha. Sehemu ya juu nitaigawa, nusu camaldulensis, nusu mvinje. Nitaulizia mbegu kituo cha KEFRI, ile taasisi ya utafiti wa misitu, pale Gede. Miche nitaijuaje kama ni mizima?

FundiMsumeno
Pindua majani. Ukiona vinundu kwenye mshipa wa katikati au kikonyo, ni yule nyigu mdogo aliyeingia nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, na camaldulensis anaipenda. Usinunue. Chana pia mfuko mmoja: mizizi ikiwa imejizungusha chini, mche umekaa kitaluni mno, upepo utauangusha. Na mwaka wa kwanza palilia, halafu chunga mchwa. Mche mchanga ukishikwa na kiu, wanaumaliza.